Sura ya Tano: Kuipa Bahari Mgongo

Mlima humngoja mchoraji. Tunda likiwekwa mezani haliondoki mpaka lioze, na mtu akilipwa vizuri atakaa kitini nusu siku bila kugeuza shingo. Wimbi halina subira hiyo. Linapanda, linapinda, linavunjika, na kabla brashi haijagusa rangi, umbo lililokusudiwa limeshageuka povu na jingine limeshika nafasi yake. Kwa hiyo kila aliyetaka kuishi kwa kuchora bahari alilazimika kwanza kujibu swali moja: kitu kisichosimama kinashikwaje?

Wengi walijibu kwa kukisogelea. Mwingereza J. M. W. Turner alidai kwamba aliwaomba mabaharia wamfunge kwenye mlingoti, akakaa hapo saa nne katikati ya tufani la theluji ili alione vizuri, ndipo akachora picha aliyoionyesha London mwaka 1842. Wanahistoria wengi hawakiamini kisa hicho, lakini kinatuambia alivyotaka kazi yake ieleweke: huyu alikuwepo. Karne moja baadaye Joan Eardley, aliyeishi katika kijiji cha wavuvi cha Catterline huko Scotland, hakuhitaji kisa cha kutunga. Upepo ulipochafuka, wakati wavuvi wanavuta mashua zao nchi kavu, yeye ndiye alikuwa anatoka, akisimamisha ubao wake ufukweni na kuushikiza kwa kamba na nanga usipeperushwe.

Mtu wa sura hii alijibu kinyume chao. Ivan Aivazovsky alizaliwa katika mji wa pwani, akafia mjini humohumo, na katika maisha yake alichora picha zinazokadiriwa kufikia 6,000, nyingi zikiwa za bahari. Lakini ulipofika wakati wa kuchora aliingia ndani na kufunga mlango. Aliamini kwamba mwendo wa wimbi, wa upepo na wa radi hauwezi kunaswa na mkono ulio mbele yake. Lazima utazamwe, ukaririwe, kisha utolewe kichwani. Baadhi ya watu wa zama zake waliuona huo kuwa wepesi mno wa kazi. Naona ilikuwa kazi ngumu kuliko kusimama mvuani, nayo ilikuwa na hasara zake, kama tutakavyoona.

Bandari isiyo na maji kupwa

Feodosia iko katika rasi ya Crimea, upande wa kaskazini wa Bahari Nyeusi. Mji huo ulianzishwa na Wagiriki karibu karne ya 6 kabla ya Kristo. Katika Zama za Kati wafanyabiashara wa Genoa waliushika, wakauita Caffa na kuuzungushia kuta. Waturuki wa Osmani waliuteka mwaka 1475, na kwa muda mrefu ukawa mmoja wa masoko makubwa ya watumwa katika bahari ile. Urusi ikaitwaa Crimea mwaka 1783. Mtoto aliyebatizwa katika kanisa la Kiarmenia kwa jina la Hovhannes Aivazian alipozaliwa, tarehe 29 Julai 1817, mji ulikuwa umebaki na magofu ya ngome, bandari ndogo, na mseto wa Waarmenia, Watatari, Wagiriki na Warusi waliosikilizana sokoni kwa lugha za kuazimana.

Mtu wa Lamu au Mombasa angeutambua mji wa namna hiyo mara moja. Ambacho asingekitambua ni bahari yenyewe. Bahari Nyeusi haina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Bamvua na maji mafu ni habari ngeni kule. Imezungukwa na nchi kavu, na mlango wake wa kutokea ni mkono mwembamba wa Bosphorus unaopita Istanbul. Chumvi yake ni karibu nusu ya chumvi ya bahari kuu. Mtoto aliyekulia pembeni mwake hakuwahi kuona maji yakiondoka asubuhi na kuacha mchanga mtupu hadi alasiri. Ukingo ulikaa palepale mwaka mzima, na kilichobadilika ni mwanga na upepo tu. Ukizitazama picha alizokuja kuchora, utaona kwamba hivyo viwili ndivyo alivyovijua kuliko mtu yeyote wa zama zake: jua linavyopenya ukungu, mwezi unavyotandaza njia juu ya maji shwari, upepo unavyokwangua uso wa bahari kabla mawimbi hayajainuka.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika baada ya tauni iliyoupiga mji mwaka 1812, na mama alidarizi ili nyumba ipate chakula. Inasimuliwa kwamba mtoto alichora meli kwa mkaa kwenye kuta zilizopakwa chokaa, na michoro hiyo ikamfikia mkuu wa mji, Alexander Kaznacheev. Mkuu huyo alipohamia Simferopol kuwa gavana, alihakikisha kijana anasoma huko. Mwaka 1833, akiwa na miaka 16, Aivazovsky aliingia Akademia ya Sanaa ya Saint Petersburg kwa gharama ya serikali.

Meli kwanza, mawimbi baadaye

Somo lake la kwanza la mjini lilihusu wivu. Tsar Nicholas I alikuwa amemwalika kutoka Ufaransa bingwa wa picha za bahari, Philippe Tanneur, na kijana akapangiwa kumsaidia. Alijikuta anatayarisha rangi za mkubwa wake badala ya kufundishwa. Akachora ya kwake pembeni, akaipeleka kwenye maonyesho ya Akademia bila kuomba ruhusa. Picha ikasifiwa. Mfaransa akapeleka malalamiko hadi kwa Tsar, na Tsar akaamuru kazi za kijana ziondolewe ukutani. Ilichukua miezi, na maombezi ya watu wenye sauti katika kasri, mpaka akasamehewa.

Msamaha huo ulimfungulia mlango wa jeshi la majini. Alisafiri na manowari katika Bahari ya Baltiki. Mwaka 1839 alikuwa pamoja na kikosi cha Bahari Nyeusi kilichokuwa kikiteremsha askari katika pwani ya Caucasus, na huko akajuana na Mikhail Lazarev, Vladimir Kornilov na Pavel Nakhimov, makamanda ambao majina yao yangekuja kuwa makubwa katika historia ya Urusi. Kwao hakujifunza vita tu. Alijifunza merikebu ilivyo kuanzia omo hadi tezi: kamba ipi inavuta tanga lipi, chombo kinalalia upande gani upepo ukitoka kushoto, na nahodha mwenye akili anapunguza matanga mangapi mbingu ikianza kuwa nyeusi.

Jambo hili hupuuzwa tunapozungumzia kipaji chake. Wateja wake wa kwanza wenye fedha walikuwa mabaharia na wakubwa wao, na baharia hasamehe kamba iliyofungwa pasipo mahali pake. Mtu wa mjini anaweza kudanganywa na povu zuri. Mtu aliyekesha juu ya sitaha hadanganyiki. Kwa hiyo kabla ya kujipa uhuru wa kuchora maji kwa kichwa, Aivazovsky alikuwa ameshajaza kichwa hicho elimu ambayo wenye bahari wenyewe waliikubali.

Picha mbili za Italia

Mwaka 1837 Akademia ilimpa medali kubwa ya dhahabu, iliyoambatana na safari ya masomo nje ya nchi, na mwaka 1840 akaenda Italia. Kituo kimoja cha mapema kilikuwa kisiwa cha San Lazzaro, Venice, ambako kaka yake alikuwa mtawa katika monasteri ya Waarmenia. Kisha akateremka kusini, kwenye pwani ya Napoli na Sorrento, na huko ndiko njia yake ilikopatikana.

Kwa masimulizi yake mwenyewe ya baadaye, alichora picha mbili kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza aliichora akiwa mbele ya mandhari yenyewe kwa wiki kadhaa, akihakikisha kila jiwe na kila mti umekaa mahali pake. Ya pili aliichora chumbani kwa kumbukumbu, kwa muda mfupi sana. Zilipowekwa hadharani, watazamaji waliipita ile ya kwanza bila kusimama, wakajazana kwenye ya pili.

Mtu mwingine angesema watazamaji hawajui kitu. Aivazovsky alijiuliza sababu. Jicho lililo mbele ya kitu hupokea yote kwa uzito mmoja: jiwe lililo miguuni linadai haki sawa na jua linalozama. Kumbukumbu haina nafasi ya kutosha kwa vyote. Inaacha mawe mengi na kubaki na kile kilichomfanya mtu asimame kutazama tangu mwanzo. Kwa Aivazovsky, kuchora kulianza baada ya uchujaji huo. Alifika mahali pa kushikilia kwamba mtu asiyejaliwa kumbukumbu ya namna hiyo anaweza kuwa mnakili hodari, ila hawezi kuwa msanii.

Hii haikumaanisha kwamba hakutazama. Alitembea na penseli na kijitabu, akinakili mstari wa pwani, umbo la wingu, mahali jua lilipokuwa. Hakubeba zaidi ya hapo. Rangi na mwendo vilibebwa na kichwa, na kichwa hicho alikizoeza kila siku.

Mafanikio yalikuja kwa kasi. Papa Gregory XVI alitaka picha yake iitwayo Machafuko, inayoonyesha nuru ikishuka juu ya maji ya mwanzo wa uumbaji, iwe mali ya Vatican. Leo iko San Lazzaro. Paris ilimtunza medali mwaka 1843. Inasimuliwa pia kwamba chombo alichokuwa amepanda kilipigwa vibaya na dhoruba katika Ghuba ya Biscay, na baadhi ya magazeti ya Ulaya yakatangaza kwamba amekufa maji. Alifika salama, akiwa ameongeza dhoruba moja kwenye akiba yake.

Marejeo ni ngamani

Mwaka 1844 alirudi Urusi akiwa na kila kitu ambacho msanii wa enzi ile angeweza kukiomba. Akademia ilimpa cheo cha mwanaakademia. Makao Makuu ya Jeshi la Majini yalimfanya mchoraji wao rasmi, akiwa na haki ya kuvaa sare. Matajiri wa mji mkuu walipanga foleni. Naye, akiwa hajafikisha miaka 30, akaamua kuondoka. Mwaka 1845 alinunua kiwanja Feodosia, kando ya maji, akaanza kujenga. Wahenga wa pwani yetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo mara nyingi husemwa kwa huzuni, kama kwamba kurudi ni kushindwa. Aivazovsky alirudi ngamani kwa makusudi, kwa kuwa huko ndiko chakula cha kumbukumbu yake kilikokuwa.

Wengine walifunga safari kumfuata. Mwaka 1846, aliposherehekea miaka kumi ya kazi, Kornilov aliongoza manowari sita za Bahari Nyeusi hadi ghuba ya Feodosia kumpa heshima. Ni wachoraji wachache sana duniani waliowahi kupongezwa na kikosi cha meli za kivita.

Wanaoieleza nyumba yake husema dirisha la chumba cha kazi lilitazama uani, si baharini. Bahari ilikuwa umbali wa kutupa jiwe. Asubuhi na jioni aliweza kwenda kuitazama apendavyo. Ndani ya chumba hakuitaka, maana ingemwingilia: wimbi la leo lingebishana na wimbi alilokuwa amelibeba kwa miaka.

Utaratibu wake wa kazi ulitokana na imani hiyo. Alianza na mbingu, na mbingu alitaka aimalize kwa mkao mmoja hata kama ni kusimama saa nyingi mfululizo. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi. Rangi ya mafuta inapokuwa bado mbichi hukubali kuchanganywa na jirani yake, bluu ikayeyuka ndani ya waridi na waridi ndani ya manjano bila mpaka kuonekana. Ikikauka, mpaka umeshajengwa, na kuuondoa ni taabu. Baada ya mbingu kuja maji, ambayo hupokea rangi zao kutoka kwake: mchoraji aliyeimaliza mbingu ameshajua nusu ya habari za bahari iliyo chini yake.

Siri ya mawimbi yake iko karibu na kilele. Wimbi linapoinuka kati yako na jua, sehemu ya juu huwa nyembamba, nuru hupenya, na maji hugeuka kijani cha chupa. Aivazovsky alilipata hilo kwa kupaka rangi nyepesi kwanza, kisha kupitisha juu yake matabaka membamba ya rangi yaliyoruhusu nuru iingie, igonge chini na kurudi. Povu aliliweka mwishoni, kwa mguso mzito na mkavu, kwa hiyo hata leo ukisimama pembeni utaliona limeinuka juu ya turubai. Watu waliosimama mbele ya mawimbi hayo wakidhani wanaona kijani kilichopakwa walikuwa wanaona nuru iliyopita katikati ya rangi.

Wimbi la Tisa na kosa lake

Mwaka 1850 alichora picha iliyolifanya jina lake lijulikane hata kwa wasiojali sanaa. Turubai ina kimo cha sentimita 221 na upana wa sentimita 332, na leo iko katika Jumba la Makumbusho la Urusi, Saint Petersburg. Merikebu imekwisha kuzama usiku. Watu wachache wamening'inia kwenye kipande cha mlingoti. Jua linachomoza na kuigeuza mbingu yote dhahabu, na mbele yao linainuka wimbi kubwa kuliko yote. Jina la picha, Wimbi la Tisa, linatokana na imani ya mabaharia kwamba mawimbi ya dhoruba hukua kwa zamu, na la tisa ndilo linaloua.

Nguvu ya picha hii iko katika jambo ambalo halijaamuliwa. Rangi zinasema alfajiri imewaokoa. Umbo la maji linasema bado. Mtazamaji hulazimika kukaa katikati ya habari hizo mbili.

Lakini aliyewahi kuwa kilindini atatikisa kichwa. Wimbi lenye kilele kinachojikunja mbele na kuanguka ni wimbi la karibu na nchi, linalokutana na maji machache au mwamba. Katikati ya bahari, upepo wa dhoruba hulikata wimbi kichwa na kukitawanya kuwa povu, na mgongo wake ukabaki mpana. Aivazovsky amelichukua wimbi la ufukweni na kulipeleka mahali ambapo hakuna ufukwe. Kijana aliyejifunza merikebu kwa mabaharia bila shaka alikuwa ameona mawimbi ya kilindini. Kumbukumbu ndiyo iliyochagua. Ilikwenda kwenye wimbi lililoeleza hofu vizuri zaidi, likiwa la kweli mahali pengine, ikalihamisha. Hii ndiyo hasara ya kwanza ya njia yake: kichwa huchuja, na kinapochuja huunganisha vitu ambavyo havikuwahi kukutana.

Picha elfu sita

Hasara ya pili ni kujirudia. Mtu anayechora kwa kumbukumbu anachota kisima kimoja, na kisima cha Aivazovsky hata kama kilikuwa kirefu kilikuwa na ladha yake. Mwezi juu ya ghuba, jua katika ukungu, meli inayolalia upande: vinarudi tena na tena, miaka ya 1840 kama miaka ya 1880. Wanunuzi walivitaka, naye aliwapa. Dostoyevsky, akiandika juu ya maonyesho ya Akademia ya mwaka wa 1860 hadi 1861, alimlinganisha na mwandishi wa riwaya Alexandre Dumas: wote wawili walifanya kazi kwa wepesi wa kustaajabisha, wote wawili walipenda vishindo. Hakuwa anamsifu moja kwa moja.

Alikuwa na mipaka mingine aliyoijua mwenyewe. Watu katika picha zake ni wadogo, na ni vizuri wakae hivyo. Mwaka 1877 ilipotakiwa picha ya mshairi Pushkin akiiaga bahari, Ilya Repin alimchora mtu na Aivazovsky akachora maji na miamba.

Wala hakuwa mwalimu mwepesi. Mwaka 1855 kijana maskini kutoka Mariupol, Arkhip Kuindzhi, alifika Feodosia akitaka kufundishwa. Inasimuliwa kwamba alipewa kazi ya kusaga rangi na kupaka rangi ua wa nyumba, kisha akaondoka. Yule aliyetumikishwa na Tanneur sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Tanneur. Kuindzhi alijibu kwa kazi. Mwaka 1880 alionyesha Saint Petersburg picha moja tu, ya mwezi juu ya mto Dnieper, katika chumba chenye giza, ikimulikwa kwa taa, na wapo walioshuku kwamba nyuma ya turubai kuna taa imefichwa.

Wingi wa picha, pamoja na bei zake, umezaa janga jingine. Mwaka 2012 mandhari yake ya Constantinople na Bosphorus, aliyoichora mwaka 1856, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Bei kama hizo huwaamsha wenye mikono myepesi, na mchoraji aliyejirudia sana ni rahisi kughushiwa: anayetaka kuongeza mwezi mmoja juu ya ghuba moja hahitaji kueleza umetoka wapi.

Maji ya chumvi, maji matamu

Fedha za picha hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilirudi mjini kwake. Alianzisha uchimbaji wa vilima vya makaburi ya kale na kujenga jumba la makumbusho ya mambo ya kale. Mwaka 1880 aliongeza kwenye nyumba yake ukumbi wa picha, ambao kwa wosia aliuacha uwe mali ya mji. Alipigania reli ifike Feodosia, na ilipofika mwaka 1892 alichora treni ya kwanza ikipita ufukweni usiku wa mbalamwezi.

Zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa ya maji. Feodosia, mji ulio kando ya bahari, ulikuwa na kiu. Visima vilikuwa vichache, mabomba ya Wagenoa na Waturuki yalikuwa yamekufa zamani, na kila kiangazi watu walihangaika. Aivazovsky alikuwa na shamba lenye chemchemi ya Subash, kilomita 25 hivi kutoka mjini. Aliueleza uongozi wa mji kwamba hawezi kuendelea kuona wenzake wakiteseka mwaka baada ya mwaka, akautolea mji ndoo 50,000 kila siku, milele. Ndoo ya Kirusi ya wakati huo ilikuwa zaidi ya lita 12, kwa hiyo ni karibu lita 600,000 kwa siku. Mwaka 1888 maji yalifika, na kwa gharama yake mwenyewe likajengwa jengo la mabomba ya umma, lenye paa pana la mtindo wa Mashariki, ambapo mtu yeyote aliteka bila kulipa. Mtu aliyejengewa jina na maji yasiyonyweka alilipa mji wake kwa maji ya kunywa.

Bahari ilimpeleka pia katika siasa. Novemba 1869 alikuwa miongoni mwa wageni kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez, ule uliokuja kuifupisha safari kati ya Ulaya na Zanzibar, na akauchora. Sultani Abdulaziz wa Istanbul alimwagiza picha na kumpa nishani. Baadhi ya picha hizo zingali katika kasri la Dolmabahçe. Lakini kati ya mwaka 1894 na 1896, chini ya Sultani Abdul Hamid II, Waarmenia wengi waliuawa katika dola ya Osmani. Aivazovsky, Mwarmenia, alichora mauaji ya Trebizond. Inasimuliwa kwamba alizitupa nishani za masultani baharini, akamwambia balozi mdogo wa Uturuki mjini kwamba bwana wake akipenda naye azitupe picha.

Kati ya Mawimbi

Mwaka 1898, akiwa na miaka themanini na ushei, alitandika turubai ya sentimita 285 kwa 429, kubwa kuliko ile ya Wimbi la Tisa, na kuimaliza kwa siku kumi hivi. Inaitwa Kati ya Mawimbi, na haikuwahi kuuzwa. Aliiachia Feodosia, na ingali katika ukumbi wake. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliweka mashua yenye watu, kisha akaifuta.

Hakuna chombo, hakuna pwani, hakuna jua la dhahabu. Kuna mwale mmoja wa nuru unaoteremka kutoka mbingu ya kijivu, na chini yake maji ya kijani na ya zambarau yanazunguka, yanabomoka, yanajijenga. Rangi ni chache mno. Miaka 48 kabla yake alihitaji alfajiri nzima na watu wa kuokolewa ili tujali. Sasa kumbukumbu ilikuwa imechuja hata hao.

Tarehe 2 Mei 1900 alikuwa anafanya kazi kwenye picha ya meli ya Kituruki inayolipuka. Usiku wake akafariki. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Kiarmenia alimobatizwa. Tangu hapo mataifa yamemgombania. Crimea ilitwaliwa na Urusi mwaka 2014, na ukumbi wake umo humo. Jumba la Metropolitan, New York, lilibadilisha mwaka 2023 maelezo ya asili yake, likimtaja kuwa Mwarmenia aliyezaliwa katika Dola ya Urusi, mahali ambapo sasa ni Ukraine. Yeye mwenyewe alitia saini kwa Kirusi na mara nyingine kwa Kiarmenia, na aliuita mji mmoja tu kwao.

Linabaki lile shitaka la Dostoyevsky. Kuhusu wepesi alikuwa sahihi, ila aliandika karibu miaka 40 kabla ya picha ambayo wepesi huo ulikuwa unaijenga. Mzee wa miaka themanini hawezi kuujaza upana wa mita nne kwa siku kumi ikiwa bado anatafuta wimbi linapinda vipi. Kati ya Mawimbi inaonyesha mkono ambao haukuwa unatafuta tena. Ndiyo maana si haki kuzihesabu picha zile 6,000 kana kwamba kila moja ilikusudiwa kusimama peke yake. Nyingi zilikuwa mazoezi yaliyouzwa. Aliyenunua alipata bahari ya kutundika sebuleni. Aliyechora alipata fedha za kuuletea mji wake maji, na siku moja zaidi ya kulijua wimbi bila kuligeukia.